Akiba Haiozi: Kusakinisha Mfumo Endeshi Kwenye SSD Mpya

Wengi wetu tunaosoma huku Saudi Arabia tulikuja na laptopu zilizokwisha kutumika nyumbani. Baada ya mwaka mmoja au miwili malalamiko huwa yale yale: ukishaiwasha unaweza kwenda kutia udhu, ukasali rakaa mbili na ukarudi, bado duara linazunguka kwenye skrini. Dawa yake inajulikana, na haifiki bei ya kompyuta mpya. Unatoa diski kuu ya zamani, unaweka SSD mahali pake, kisha unasakinisha mfumo endeshi upya.

Kazi hiyo nimeifanya mara mbili: mara ya kwanza Riyadh, kwenye laptopu yangu mwenyewe, na mara ya pili Jeddah, kwenye laptopu ya mwenzangu. Ya Jeddah ilikwenda vizuri. Ya Riyadh ilinipotezea kitu ambacho hakiuzwi dukani. Naandika makala haya ili mwanachama mwingine asije akalipa gharama ile ile, na pia kwa sababu chanzo cha kosa langu ni jambo linalokihusu chama chetu moja kwa moja: neno moja nililodhani nalielewa.

Diski hizi mbili zinatofautianaje?

Diski kuu ya kawaida ni mashine. Ndani yake mna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosoma na kuandika juu ya sahani hizo bila kuzigusa. Ukoo wake ulianza mwaka 1956, IBM walipotoa mashine iliyoitwa RAMAC. Diski yake ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba takribani megabaiti 5. Leo picha moja ya simu yaweza kuijaza.

SSD haina kinachozunguka. Taarifa hukaa ndani ya vipande vya elektroniki kama chaji ndogo ndogo za umeme, katika kumbukumbu ya fleshi, ile ile iliyomo ndani ya simu zetu. Aliyeivumbua ni Mjapani Fujio Masuoka, akiwa mhandisi wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980.

Watu husema SSD ni ya kasi, lakini inafaa kujua kasi hiyo inatoka wapi. Kila faili linapotakiwa, mkono wa diski ya zamani husogea na kungoja sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa. Hilo huchukua milisekunde kadhaa. Ni muda mdogo, lakini mfumo endeshi unapoamka husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kungoja huko hujumlishwa. SSD haisogezi mkono wowote, kwa hiyo haingoji. Ndiyo maana laptopu ya zamani ikibadilishiwa diski tu, bila kuguswa kitu kingine, huonekana kama imezaliwa upya.

SSD ina tabia mbili ambazo muuzaji hatakuambia. Ya kwanza inahusu kufuta. Kwenye diski ya zamani, ukifuta faili, kinachoondolewa kwa kawaida ni anwani yake tu. Faili lenyewe hubaki pale pale hadi liandikwe jingine juu yake, na programu za uokoaji zaweza kulifufua. Kwenye SSD, mfumo endeshi huiarifu diski kwamba vyumba fulani havihitajiki tena, nayo huvisafisha kwa wakati wake ili iwe tayari kuandika upya. Amri hiyo huitwa TRIM. Baada ya hapo hakuna wa kufufua kitu.

Ya pili ni kwamba chaji za umeme huvuja polepole diski ikikaa bila kuwashwa, na joto huongeza kasi ya kuvuja huko. Kiwango cha shirika la JEDEC kinataka SSD ya matumizi ya kawaida, hata ikiwa imekwisha kufikia kikomo chake cha kuandikwa, ihifadhi taarifa kwa mwaka mmoja bila umeme katika nyuzijoto 30. Diski mpya huvumilia zaidi. Lakini sote tunajua ndani ya gari lililoegeshwa Riyadh mwezi wa Julai kunakuwaje. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza, ukiisahau mahali pa joto.

Kilichonipata Riyadh

SSD yangu niliinunua soko la kompyuta la Olaya. Aliyepata kufika pale anaijua hali yake: duka mlango kwa mlango, mafundi wenye bisibisi mkononi, na bei zinazobadilika kila ukitia mguu duka la pili. Nilirudi chumbani na furaha yangu, nikafungua laptopu, nikatoa diski ya zamani, nikafunga mpya. Pembeni niliacha kitu kimoja kimechomekwa: diski ya nje yenye kazi zangu zote. Niliiacha makusudi, nikijiambia kwamba nikishamaliza kusakinisha nitahamisha vitu moja kwa moja bila kupoteza muda.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na mahojiano saba. Nilikuwa nimewarekodi wazee wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Jeddah na Makka, watu ambao familia zao zilikuja kuhiji au kufanya biashara zikabaki. Tasnifu yangu ilihusu msamiati wa kale uliohifadhiwa katika mazungumzo yao. Nakala nyingine ya sauti hizo sikuwa nayo.

Lugha ya usakinishaji nilichagua Kiarabu. Ukweli ni kwamba nilitaka kujipima. Nilifika kwenye ukurasa unaoorodhesha diski, nikaona mistari kadhaa yenye namba na ukubwa wa gigabaiti. Chini yake palikuwa na neno "tahyi'a". Kiarabu changu cha darasani kiliniambia: kuandaa, kutayarisha. Nikasema vizuri, diski mpya lazima itayarishwe kwanza. Nikachagua mstari, nikabofya. Likaja dirisha la onyo lenye maneno mengi. Nikalipitia juu juu, nikakubali.

Katika kompyuta, "tahyi'a" ya diski ni kuifomati. Yaani kuondoa kila kilichosajiliwa humo na kuchora ramani mpya. Na mstari niliouchagua haukuwa wa SSD. Ulikuwa wa diski ya nje. Nililitambua hilo nilipobofya kuendelea na mfumo ukakataa, ukisema hauwezi kusakinishwa kwenye diski iliyochomekwa kwa USB. Nilitazama ile diski ya nje, taa yake ndogo inawaka, nikahisi tumbo limeingia baridi.

Simlaumu aliyeitafsiri programu ile. Onyo lilikuwepo, na haraka ilikuwa yangu. Jambo moja tu nililifanya sawasawa: niliichomoa diski papo hapo na sikuandika chochote juu yake. Kwa kuwa ilikuwa diski ya sahani, na iliyofanyika ilikuwa fomati ya haraka, sauti nyingi zilikuwa bado zimo. Kwa kompyuta ya jirani nilitumia PhotoRec, programu ya bure inayotafuta mafaili kwa kuitambua sura yake bila kutegemea anwani. Ilifanya kazi usiku mzima. Asubuhi nilipata mafaili mengi yasiyo na majina, tarakimu tupu, na ikanibidi nisikilize moja moja ili nijue ni sauti ya nani.

Mahojiano matano yalipatikana. Mawili yalikuwa yamekatika vipande visivyosikilizika. Mmoja wa wazee wale wawili alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kama ningeifomati SSD badala ya ile diski ya sahani, huenda hata hayo matano nisingeyapata.

Maneno yanayofanana na yasiyofanana

Baada ya hapo nilirudi kwenye ukurasa ule nikiwa na daftari. Sisi Waswahili tuna faida na hatari katika Kiarabu cha kompyuta, kwa sababu nusu ya maneno tunayatambua kwa sura.

Mfumo endeshi huitwa "nidham at-tashghil". La kwanza ni mzazi wa "nidhamu" yetu, la pili ni jamaa wa "shughuli". Ukilisikia kwa sikio la Kiswahili, ni nidhamu ya kuendesha shughuli, na kwa hakika hiyo ndiyo kazi yake: kugawa zamu kati ya programu, kumbukumbu na diski ili zisigombane. Hapo ukaribu wa lugha unasaidia.

Kusakinisha ni "tathbit". Mswahili akiliona hufikiri "thibitisha", adhani anaulizwa kama ana hakika. Kumbe shina ni kuimarisha kitu mahali pake, na kulibofya ni kuanza usakinishaji. Sisi tulichukua shina jingine la Kiarabu, lile lililotupa "maskani", tukapata "sakinisha": kukifanya kitu kikae, kiwe na makazi. Kuamka kwa kompyuta wanakuita "iqlaa", neno lile lile la ndege kupaa. Na kufomati, kama nilivyojifunza kwa machozi, ni "tahyi'a", neno laini lisilotisha.

Kiswahili nacho kina maneno laini ya namna hiyo. Tukisema "andaa diski" au "panga diski" tutawapoteza watu kama nilivyopotea. Jambo hili si geni kwa wenzetu waliotutangulia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Waliofanya kazi ile walilazimika kuamua neno moja moja, na kila uamuzi ulimgusa mtu aliyekaa mbele ya skrini na kidole juu ya kitufe.

Jeddah: safari hii kwa utaratibu

Mwaka uliofuata nilipanda basi la usiku kwenda Jeddah, safari ya kilomita zipatazo 950. Nilikuwa na ahadi mbili: kwa yule mzee wa pili, na kwa mwenzangu ambaye diski ya laptopu yake ilikuwa imeanza kutoa mlio wa tik-tik. Tasnifu yake ilikuwa humo.

"Sheikh wangu, nimeshanunua SSD mtaa wa Falastin," aliniambia hata sijavua viatu. "Tuanze?"

"Bado, ndugu yangu. Kwanza nionyeshe nakala zako."

Hakuwa nazo. Basi tukaanzia hapo, na utaratibu tulioufuata ndio huu.

Kwanza, nakala rudufu. Diski inayolia haiwashwi kwa mchezo. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Tulinakili tasnifu kabla ya kitu kingine, kisha sauti, kisha picha, na mwisho kabisa filamu. Kanuni ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Yake ilikuwa kwenye diski ya nje, kwenye hifadhi ya mtandaoni, na kwenye fleshi niliyorudi nayo Riyadh. Tulifungua mafaili machache katika kila nakala kuhakikisha yanafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni matumaini tu.

Pili, kukagua SSD. Kuna aina zinazofanana jina na zisizoingiliana: ya inchi 2.5 inayotumia SATA, na ile nyembamba ya M.2, ambayo nayo yaweza kuwa ya SATA au ya NVMe. Angalia laptopu yako inapokea ipi kabla ya kutoka nyumbani. Dai risiti yenye jina la duka, kwa kuwa asilimia 15 ya kodi ya ongezeko la thamani umeshailipa, na dhamana haina maana bila karatasi. Diski bandia zipo pia, zinazodai ukubwa zisio nao. Programu ya bure kama H2testw, au F3 kwa watumiaji wa Linux, huijaza diski tupu na kuisoma tena, na uongo hubainika.

Tatu, kuchagua mfumo. Laptopu ya mwenzangu ilikuwa ya zamani, haina kifaa cha usalama cha TPM 2.0 ambacho Windows 11 inakitaka, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Tulichagua Ubuntu 24.04, toleo la Linux lililotoka Aprili 2024 na linalohudumiwa kwa miaka mitano. Mwanachama wa chama cha Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jina hilo: limetoka katika lugha za Kibantu za kusini mwa Afrika, na ni ndugu wa damu wa neno letu "utu".

Nne, fleshi ya kuwashia. Tulipakua faili la mfumo kutoka tovuti ya wenyewe, tukalinganisha tarakimu zake za uhakiki na zile zilizotangazwa, kisha tukaliandika kwenye fleshi kwa programu iitwayo Rufus. Tahadhari: fleshi hiyo hufutwa yote. Usitumie yenye khutba za babu yako.

Tano, kubadilisha diski. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka. Hewa ya Riyadh ni kavu, na umeme tuli unaokurusha ukishika kitasa cha mlango unaweza kuua kipande cha elektroniki. Gusa chuma kwanza. Jeddah tatizo letu lilikuwa kinyume chake: unyevu na jasho. Tulikaa chini ya kiyoyozi na kitambaa shingoni. Skrubu tulizipanga juu ya karatasi kwa mpangilio zilivyotoka.

Sita, na hapa ndipo penye roho ya makala haya: kabla ya kuwasha, tulichomoa kila kitu. Diski ya nje tuliifungia kabatini. Kwenye laptopu ilibaki SSD tupu na fleshi ya kuwashia, basi. Hata mkono ukiteleza, hakuna cha kupoteza.

Laptopu ilipowaka haikuiona fleshi. Tuliizima, tukaiwasha tena huku tukibonyeza F12, tukachagua iamkie kwenye USB. Kitufe hicho hutofautiana: kwa wengine ni F2, Esc au Delete. Baada ya hapo maswali yalikuja moja baada ya jingine: lugha, kibodi, mtandao. Kisha likaja swali la diski, na chaguo lake lilisema waziwazi, kwa maana ya Kiswahili: futa diski na usakinishe Ubuntu.

Mwenzangu aliacha kubofya, akanigeukia. "Inasema futa."

"Ndiyo. Sasa soma: diski ipi?"

Akasoma jina la kampuni, akasoma ukubwa, akalinganisha na boksi la SSD lililokuwa mezani. Ndipo akabofya. Nilimtazama nikikumbuka jioni yangu ya Riyadh. Neno "futa" lilimfanya asimame na kuuliza. Neno "andaa" mimi liliniacha nipite.

Saba, mambo madogo ya mwisho. Saa ya Riyadh ni ile ile ya Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo hapo hatubabaiki. Lakini jihadhari na kibodi: ukiweka nywila huku kibodi iko kwenye herufi za Kiarabu, kesho ikija kwa Kilatini utajifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Baada ya dakika kama ishirini tulikuwa tumemaliza. Laptopu iliyokuwa ikichukua dakika tatu kuamka sasa iliamka kabla mwenzangu hajamaliza kumimina chai. Tulirudisha mafaili, tukafungua tasnifu, tukahesabu kurasa. Zote zilikuwepo. Diski ya zamani tuliitia ndani ya bahasha, tukaandika tarehe juu yake, na tukakubaliana haitaguswa kwa miezi miwili.

Ombi kwa chama na walimu wetu

Kesho yake nilimtembelea mzee wangu wa pili karibu na Al-Balad, Jeddah ya kale. Nilimweleza kwamba sauti yake niliipoteza mwenyewe kwa haraka zangu. Alicheka, akasema atasimulia tena, ila hatasimulia vile vile. Ni kweli. Maneno matatu niliyokuwa nimeyaandika kwenye daftari baada ya mahojiano ya kwanza hakuyatamka kabisa safari hii, na mengine mapya yakaja. Nilikuwa na nakala tatu kabla sijalala.

Ombi langu ni dogo. Chama chetu kina watu wanaojua Kiswahili, Kiarabu na kompyuta, wakati mwingine vyote katika kichwa kimoja. Tuandae orodha ya maneno hamsini tu ya ukurasa wa usakinishaji, kwa lugha zote mbili, na mbele ya kila neno tuandike kitakachotokea ukilibofya. Walimu wetu watusahihishe, na istilahi zilizokwisha kusanifiwa na BAKITA na BAKIZA tuziheshimu. Neno la kwanza napendekeza mimi: tahyi'a. Maelezo yake yawe: itafuta kila kitu, hakikisha ni diski ipi.